Mianya ya Katikati

Siku ya kumi na tisa chumba cha dada yangu kilikuwa palepale, safu ya ishirini na moja, nambari kumi na nane, na Mwenyekiti Kashindye alikuwa ameegemea meza yangu akinywa uji wangu.

"Karani, ramani hii ina ubaya gani?" aliniuliza. "Naona vyumba, naona mianya. Kama mwaka jana, kama mwaka juzi."

"Ndio ubaya wenyewe, Mwenyekiti. Ni kama jana, ni kama juzi. Vyumba sitini vya katikati havijasogea hata shibiri."

"Mbona mimi jana nimesogea mara mbili?"

"Kwa sababu wewe unakaa safu ya tatu."

Akacheka, kana kwamba nimemsifu. Chumba chake kilikuwa kimefika ukutani asubuhi ile, mlango wake umefunguka, na yeye ametoka kunyoosha miguu na kutembelea ofisi za watu. Ningekuwa na kichwa chepesi siku hiyo ningemnyang'anya kikombe. Nilimwacha amalize, maana mtu anayesogea huwezi kumweleza habari ya kuganda. Anakuona una wivu.

Niwaeleze nyinyi basi, maana mtakaosikia haya pengine mnakaa kwenye nyumba zisizotembea.

Shimo la Ilindi lilikuwa mgodi. Jua la juu lilipoanza kuua watu wakiwa vivulini, babu zetu walishuka humo na mifugo na magodoro. Wakajenga ukumbi mmoja, safu arobaini kwa arobaini, reli chini, na juu ya reli vyumba vya chuma. Miaka ya mwanzo hewa ya ukumbini ilivutika. Kisha nyufa za mwamba zikaanza kutoa gesi nzito, ile ambayo mtu akiivuta anasinzia na haamki. Tukaziba vyumba. Tangu siku hiyo kila chumba kinabeba hewa yake kwenye mitungi, ya siku thelathini, na kabla haijaisha lazima chumba kifike ukutani, kilipo kituo, kujaza nyingine. Kikishajaza, kinampisha mwenzake. Maisha yetu yote ni kupishana.

Na chumba hakisogei kwa kutaka. Kinahitaji mwanya mbele yake, na mwanya mwingine ubavuni, kwa sababu kabla ya kuondoka kinatandaza mkono wa chuma upande ili kisiyumbe na kubamiza mitungi ya jirani. Mwanya mmoja peke yake ni suruali ya mguu mmoja. Unao, na hauendi nao popote.

Tulipokuwa na mianya mia tatu, chumba kilizunguka ukumbi mzima kwa siku kumi na mbili. Mianya mia mbili na hamsini, siku kumi na tatu. Mia mbili, siku kumi na sita. Sasa nani atagombana kwa ajili ya siku tatu? Mia na themanini, siku ishirini na mbili. Baba, aliyekuwa karani wa mianya kabla yangu, aliniambia: "Milembe, hili jambo halitakubishia hodi. Litakwenda polepole, polepole, halafu siku moja halitakwenda kabisa." Nilimwitikia ndiyo, baba. Tukaingiza vyumba kumi vya mwisho, na katikati pakaganda.

Pembeni hapakuganda. Huko vyumba viliendelea kutembea, watu wakisalimiana na majirani wapya kila wiki. Ndiyo maana Kashindye alikunywa uji kwa raha. Ukumbi uleule, sheria ileile, huku kunatiririka na kule kumekuwa jiwe, na ukipiga picha huwezi kuonyesha tofauti kwa kidole.

Msidhani tulikaa tu. Tulitoa vyumba ishirini na tano ukutani, wenye navyo wakaja kulala kwenye vijia vya kituo, ili mianya iongezeke. Mianya ile ilizunguka pembeni na kuanza kuumega ukingo wa lile jiwe, safu moja kwa siku kumi. Ilihitaji siku arobaini kufika kwa dada yangu. Dada yangu alikuwa na hewa ya siku kumi na moja. Mabomba ya hewa yalifika safu ya nne, yakakatwa na mikono ya vyumba. Na watu wawili wa safu ya ishirini na tatu walitoboa kuta wapite kwa jirani. Gesi ikaingia kwa wote. Sitaki kuwataja.

*

Mnaniuliza mianya ilikwenda wapi. Mianya niliigawa mimi.

Mtu akifa Ilindi, na chumba chake hakina pumzi nyingine, chumba hukunjwa. Mashine ya kituo inasikiliza pumzi. Isipoisikia, taa ya njano inawaka kituoni na juu ya chumba, karani anabonyeza, kuta zinalala juu ya sakafu, na pale panakuwa mwanya. Mwanya ni wa wote, kama njia. Lakini sisi ni watu wa Unyamwezi, tuna watani, na mtani msibani ana haki zake. Anaweza kulala kwenye kitanda cha marehemu akadai amerithi, anaweza kuondoka na kuku mtetea, na hukatai.

Baba alipofariki, siku ya kuondoa matanga, Mzee Pazi alisimama. Pazi ni Mzaramo, mtani wetu tangu mababu zetu walipokuwa wakibebea watu mizigo kwenda pwani. Alikuwa akibanana na familia ya kaka yake, watu tisa kwenye chumba cha watu wanne.

"Huyu mpagazi ameniachia nini?" alisema, mikono kiunoni. "Kanzu yake fupi. Kofia yake ina mafuta. Nachukua mahali pake! Nileteeni chumba nikiweke hapo alipokuwa akikoroma, na anayebisha atoke tushindane kubeba gunia."

Watu walicheka mpaka waliokuwa wakilia wakacheka. Mimi nilicheka, nikalia, nikasaini. Chumba kipya kikaingizwa kutoka lango la magharibi mpaka mahali pa baba, jirani na dada yangu Kabula. Ungefanyaje? Ungemwambia mtani kwenye matanga ya baba yako kwamba kuna hesabu?

Mwezi uliofuata mtani mwingine akadai kwenye msiba mwingine. Kisha wakwe. Kisha wageni kutoka Shimo la Kaskazini, waliofika na watoto mgongoni, na mgeni njoo mwenyeji apone, nani atamfungia mgeni lango na mianya ipo, inaonekana kwa macho, mitupu? Kila mmoja tulimpa kwa moyo mweupe. Hapakuwa na mwizi hata mmoja Ilindi. Ningempata mwizi mmoja ningelala.

*

"Mtani," sauti ya Pazi ilisema redioni siku ile ya kumi na tisa, Kashindye alipokwisha kuondoka na kikombe changu. "Hebu nijibu jambo. Nikifungua mlango wangu, chumba kinakunjwa, sivyo?"

"Mzaramo, usinianze."

"Nakuuliza kistaarabu. Kinakunjwa, mnarudishiwa mwanya wenu. Nina miaka sabini na sita na goti moja. Mnaanza kusogea leo jioni, na mimi nasifiwa."

"Mwanya mmoja haufanyi kitu. Utakufa bure, na mimi nitakusema vibaya kwenye matanga yako."

"Haya. Inatakiwa mingapi?"

Ningesema sijui nikaishia hapo. Badala yake nikasema, "Nitapiga hesabu." Karani hajui kunyamaza akiulizwa idadi.

Nikaketi kwenye mashine. Niliipa mfano wa vile vyumba sitini, nikaiambia: chukua vyumba vinne vilivyopakana, viwili kwa viwili, vifanye mianya, kisha fuata sheria uone nani anasogea. Kwa nini vinne? Kwa sababu viwili na vitatu vilikufa hapohapo, hakuna aliyesogea. Vinne vikikaa mraba, jirani anapata mwanya mbele na mwanya ubavuni, anaingia, anaacha nafasi nyuma yake, jirani wa jirani anaingia. Ukipata bahati, ule uwazi unakua. Usipopata, unasogea hatua mbili tatu unakwama.

Nilijaribu miraba yote. Ilikwama, ilikwama, ilikwama. Nikanywa maji. Nikaendelea. Mraba mmoja haukukwama.

Nilitazama vyumba kwenye kioo cha mashine vikisogea kimoja kimoja, uwazi ukipanuka kutoka ule mraba kama kidonda kinachopona kuanzia ndani, mpaka ukakutana na mianya ya pembeni. Siku sita. Vyumba hamsini na sita vilifika ukutani na hewa ya akiba. Watu mia na sitini na watatu.

Kisha nikasoma nambari za ule mraba. Cha kwanza kilikuwa cha Mzee Pazi. Cha pili cha Mzee Mihayo na mkewe. Cha tatu cha Nyanzobe, anayefundisha watoto kusoma kwa redio, anaishi na binti yake wa miaka sita. Cha nne, safu ya ishirini na moja, nambari kumi na nane.

Watu sita. Nikaiambia mashine irudie. Ikarudia vilevile, haina haya.

Kabula ndiye aliyenilea. Mama alikufa nikiwa naanza kutambaa. Kabula alikuwa na miaka kumi na mmoja, akanibeba mgongoni mpaka mgongo wake ukapinda kidogo, na bado umepinda. Hakuolewa. Alisema mume atamkuta na mtoto, na mtoto mwenyewe ana mdomo. Sina mtu mwingine duniani. Nawaambia waziwazi ili msije mkanitafutia sababu nzuri. Kesho yake nilipokuwa najishauri, nilijiambia, mtoto wa miaka sita, Milembe, huwezi kumtaja mtoto wa miaka sita. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana. Lakini macho yangu kwenye kioo hayakuwa kwenye chumba cha mtoto.

*

Siku ya ishirini niliwaita wote sitini redioni. Kashindye alikuwa amesimama nyuma yangu, safari hii bila kikombe. Jana yake chumba chake kilijaribu kusogea kutoka ukutani kikashindwa, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Taja, karani," Pazi alisema kabla sijasalimia. "Mianya siku zote unaitaja wewe. Wazee tupo, hatukuja duniani kukaa."

Watu mia na sitini na tisa walikuwa wanasikiliza. Unajua ukimya wa redio ukiwa na watu ndani yake, unasikia vyombo, unasikia mtu akikohoa kwa mbali.

"Nimejaribu miraba yote," nilisema. "Nimejaribu viwili kwa viwili, nimejaribu vitatu kwa viwili, nimejaribu ya mstari. Mashine imefanya kazi tangu jana mchana. Ipo inayosogea hatua mbili, ipo inayosogea hatua tano, ile ya tano nayo inakwama kwenye safu ya kumi na tisa kwa sababu ya mikono. Hakuna mraba unaofungua njia. Naapa kwa kaburi la baba yangu. Kwa hiyo mtu yeyote asifungue mlango. Tunaendelea kula ukingo kutoka pembeni. Laleni chini, msitembeetembee, ongeeni kidogo, hewa itaongezeka siku mbili au tatu."

"Kwa hiyo njia hakuna," Mzee Mihayo alisema. Alikuwa mtu wa kanisa, sauti ya chini.

"Hakuna, mzee wangu."

"Basi tushukuru umetuambia ukweli."

Na Nyanzobe, sauti yake ikiwa na mtoto ndani yake, maana yule binti alikuwa amemkalia mapajani akiuliza kitu, alisema, "Asante, karani. Mungu akubariki."

Kashindye alinishika bega. Nilitaka kumuuma mkono.

*

Mchana Kabula aliniita peke yake.

"Mile."

"Dada. Shikamoo."

"Marahaba. Leo umeongea sana."

"Ilibidi niwaeleze."

"Ulipoimaliza sukari ya mgonjwa ulinieleza habari za sisimizi robo saa nzima. Nikakuacha umalize, nikakuchapa. Unakumbuka?"

"Dada, nina kazi."

"Nimetandika maharage hapa mkekani," alisema. "Sina ramani yenu yote, lakini majirani zangu nawajua, nani yuko wapi, nani anatazama wapi. Nimetoa harage, nimesogeza harage. Tangu ulipofunga redio. Mara ya kwanza nimekosea, mara ya pili nimekosea. Mara ya tatu yamekwenda mpaka ukingo wa mkeka."

Niliigeuza ramani yangu kifudifudi, kana kwamba angeiona.

"Ni mimi, na huyu Mzaramo, na akina Mihayo, na Nyanzobe. Au nimekosea?"

"Umekosea."

"Wapi?"

"Mkono wa chumba nyuma ya Mihayo ni mbovu. Hautandazi. Maharage hayana mikono, dada."

Mkono ule haukuwa na ubovu wowote. Nilikuwa nimeukagua mwenyewe mwezi uliopita.

Nilimsikia akiyakusanya maharage, yakigonga kwenye bakuli la bati.

"Haya," alisema. "Basi yatapikwa." Halafu akasema, "Niunganishe na Pazi, anichekeshe. Nimechoka kukaa na akili yangu."

Nikawaunganisha. Kituo kinaweza kusikiliza maongezi yoyote, kuna kitufe. Lakini baba alinifundisha kwamba karani anayesikiliza watu wakiongea na majirani zao hana tofauti na anayechungulia bafuni. Nikavua visikilizio, nikaviweka mezani. Taa yao iliwaka saa nzima na zaidi. Nilifurahi, nikawaza, mtani anafanya kazi yake. Mara moja nilisikia kicheko chembamba kikitoka mezani kwenye visikilizio. Kilikuwa cha Kabula.

*

Siku ya ishirini na moja nilikuwa nakoroga uji. Taa mbili za njano ziliwaka kwa pamoja. Nilidhani hitilafu. Zimewahi kufanya hitilafu. Nikasoma nambari, nikaweka mwiko chini, nikasoma tena.

Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita dada, nikamwita mama, jina ambalo sijamwita tangu nikiwa mdogo nilipokatazwa. Nikabadilisha, nikamwita Pazi, nikamtukana matusi yote ya utani ninayoyajua, kwa sababu hakuna Mzaramo hai atakayetukanwa na Mnyamwezi akakaa kimya. Alikaa kimya.

Kwenye kioo palikuwa na maandishi, yametumwa kutoka chumba cha Kabula kabla ya alfajiri. Aliandika kama alivyoongea.

"Mile, usilie kwanza, fanya kazi kwanza. Mzaramo na mimi tumekupunguzia wawili wa kuwataja. Wamebaki wengine. Kuwasemesha wao si kazi yetu, sisi si makarani. Waambie ukweli, ni watu wazima. Ukiwaambia vizuri watakuelewa. Kula."

Nilipiga magoti pale chini ya meza. Sijui kwa muda gani. Kashindye alikuja, akasoma kioo, akasoma taa. Alikwenda kusimama mlangoni awazuie watu wasiingie.

Nikainuka nikawaita Mihayo na Nyanzobe pamoja. Nikawaambia kila kitu. Nikawaambia mraba upo, ulikuwepo tangu juzi, nilikuwa naujua nilipoapa. Nikawaambia siku sita, vyumba hamsini na sita, watu mia na sitini na watatu. Nikawaambia Kabula na Pazi wametangulia, na kwamba mianya miwili haifanyi kitu, ni minne au hakuna. Sikuongea kwa maneno mengi safari hii. Nilisema kama ilivyo.

Nilimsikia mke wa Mihayo akianza kulia kwa kwikwi, na mzee akimnyamazisha kwa Kinyamwezi.

"Binti yangu," alisema baadaye. "Pole sana. Pole kwa dada yako, alikuwa mtu."

"Mzee, hewa yenu inakwisha. Nyote. Nawaomba—"

"Ngoja. Jana uliapa kwa kaburi la baba yako kwamba njia hakuna. Leo umefiwa, na njia ipo."

"Ilikuwepo."

"Sikatai. Lakini kwetu mfiwa neno lake halishikwi siku ya msiba. Anaweza kusema yeye ndiye aliyemuua marehemu, anaweza kusema marehemu yuko hai, watu wanamfunika kanga wanamwambia lala. Wewe umefiwa. Mimi siwezi kumfungulia mke wangu mlango kwa neno la mfiwa. Ningeweza kwa neno la jana."

"Mzee Mihayo, mashine inaonyesha! Nitamleta Mwenyekiti akusomee!"

"Mwenyekiti alikuwa hapo jana pia," alisema, bila ubaya wowote. "Lala kwanza, binti. Tutaongea ukitulia." Akafunga redio yake, kuokoa hewa, kama nilivyomwelekeza.

Nyanzobe alibaki. Nilimsikia akimwambia mtoto achore, achore tu chochote, achore mbuzi.

"Mimi nakuamini," alisema.

Nilifumba macho.

"Nakuamini kwa sababu jana sauti yako ilinitisha, na leo hainitishi. Ni kweli, sivyo?"

"Ni kweli."

"Ungesema jana," alisema Nyanzobe, "tungekuwa watu wa vyumba vinne wa kukaa kikao. Mimi ningelia, ningewatukana, ningesema haiwezekani. Dada yako angenituliza. Yule Mzaramo angenitania mpaka nicheke, na mimi siwezi kujua ningesema nini baada ya kucheka. Pengine ningesema hapana. Pengine ningemshika mwanangu nikasema twende. Lakini ningesema mbele ya watu." Akavuta pumzi, ndefu, kisha nadhani akakumbuka hewa, akaikata katikati. "Leo nikae kikao na nani? Na Mihayo aliyefunga redio? Na wewe? Wewe ulikwisha kuamua jana kwamba sisi si wa kuulizwa."

"Nisamehe."

"Kwa nini nikusamehe? Ulimtetea dada yako. Na mimi namtetea huyu." Sauti yake haikupanda. "Sifungui, karani. Siku tisa zilizobaki nitamfundisha kuandika jina lake lote. Anajua nusu."

Akakata.

Nilikaa na ile redio. Palikuwa na vyumba vingine hamsini na sita, na kitufe kimoja cha kuwaita wote. Ningewaambia ukweli, wangejua wanakufa kwa sababu ya milango miwili, na wangejua ya nani. Siku tisa wangempigia Nyanzobe redio. Wangemwomba, wangemlilia, wangemlaani, na mtoto angesikia. Nisipowaambia, watakufa wakidhani njia haikuwepo, kama nilivyowaapia. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilikuwa karani mzuri sana kwa miaka kumi na tisa, na nilikaa pale nikishindwa kujua ni lipi kati ya mawili ni la mtu mwema.

Redio ikaita yenyewe. Safu ya kumi na nane, nambari ishirini, fundi viatu na wanawe.

"Karani, tumeona taa ya kwa dada yako imebadilika. Pole sana. Poleni na msiba."

Kabla sijajibu ikaita nyingine. Safu ya ishirini na mbili. "Pole, binti. Kabula alinipa chumvi mwezi wa njaa." Nyingine. "Pole, karani, jikaze." Walikuwa wamesikiana kwa majirani, na sasa walikuwa wanapanga foleni, chumba baada ya chumba, kila mmoja akikaa wima ilhali aliambiwa alale, kila mmoja akifungua kinywa ilhali aliambiwa anyamaze, wakitumia hewa yao kunipa pole. Bibi mmoja wa safu ya kumi na saba alinisomea dua nzima. Nilitaka kumkatisha, nimwambie bibi, pumzi yako, na sikuweza, maana dua ya msiba haikatishwi.

Walikuwa hamsini na sita. Nikawajibu mmoja mmoja, nimeshapoa.